Dawa Isiyo na Sindano

Jumatatu, 3 Julai 1978

Baridi kali. Kiwandani nimekata sponji za magodoro kombo tena. Vipande kumi na viwili, vyote vya kutupwa. Kisha nikasinzia nimesimama, kisu cha mashine kikapita karibu na kidole cha mwenzangu Phares, pakabaki unywele tu. Phares akalia kama amekatwa mkono. Hakuguswa hata ukucha!

Msimamizi wetu, Mbuthia, akaniita ofisini. Nikamwambia ukweli: sijalala vizuri tangu Aprili. Akashangaa mtu anashinda katikati ya magodoro mia tatu na usingizi hana. Akaamua kichwa changu ndicho kibovu. Nilete barua ya daktari, yenye muhuri, kabla ya kengele ya Jumatatu ijayo. La sivyo mashine anapewa Phares, na mimi nirudi Bungoma nikalale huko.

Kwa sasa napakia lori.

Miaka tisa kwenye mashine ile! Phares ana miezi minne. Na ndiye tunayekaa naye chumba kimoja hapa Makongeni. Leo amepika ugali akiimba.

Jumanne, 4 Julai

Phares amejifanya rafiki. Anasema ugonjwa wa kichwa una matibabu mengi, mtu asikimbilie la kwanza, achague linalomfaa. Shangazi yake alichomwa sindano moja akalala siku mbili. Hilo nimelishika. Nilifika darasa la tano tu, lakini najua dawa ni sindano. Mengine ni maneno.

Wakati wa chakula nikaenda zahanati ya karibu. Foleni hadi barabarani. Mhudumu hakunitazama usoni. Nikaomba sindano, akanipa vidonge vyeupe, kimoja kila baada ya chakula, mara tatu kwa siku. Nikaomba barua. Akasema barua ni ya mwenye homa. Nikamwambia anipe dakika tano niitafute hiyo homa. Akaita anayefuata.

Jumatano, 5 Julai

Asubuhi, kabla ya kazi, kwa Pasta Ndung'u. Akaniwekea mkono kichwani, akauliza kama ninaamini. Nikasema ninaamini hadi Jumatatu. Akaagiza nifunge siku tatu na nisiguse dawa ya binadamu. Muhuri anao, ila ni wa vyeti vya ubatizo. Nikamwomba anibatize tena, halafu aandike habari za usingizi nyuma ya cheti. Akanifungulia mlango.

Jioni Mathare, kwa Mzee Kitonga, bingwa wa dawa za miti. Akatazama viatu vyangu kwa muda mrefu, akasema kuna mtu kazini anakitaka cheo changu. Alijuaje? Akanipa unga wa kahawia wa kutia kwenye uji, na mwiko: siku saba nisile chumvi, nisioge, nisimpe mtu mkono. Muhuri hana. Ana wino na kidole gumba.

Alhamisi, 6 Julai

Leo nimetumia akili. Nikijaribu matibabu moja moja nitachelewa, kwa hiyo nimeyachukua yote kwa pamoja. Tatizo: vidonge vinataka chakula, Pasta hataki chakula, Mzee anataka uji. Nikatoa uamuzi. Mbele ya Pasta, uji si chakula. Mbele ya vidonge, ni chakula. Vidonge vya kutwa nzima nikavimeza mara moja, Mungu asinione narudia.

Saa nne nikapanda lori kupanga magodoro. Nikajinyoosha kidogo tu, mgongo unauma.

Kufumbua macho, niko mtaa wa Donholm!

Mwanamke mmoja amesimama nyuma ya lori, risiti mkononi. Akanitazama, akaitazama risiti, akamuuliza dereva kwa upole, "Na huyu yumo humu?"

Dereva akaapa hakujua. Aliyefunga mlango wa nyuma ni Phares. Phares aliniona, naapa aliniona!

Nilitaka kumpa mama yule mkono wa pole, nikakumbuka mwiko, nikaurudisha. Akaniuliza kwa nini sijaoga. Nikajikuta namweleza yote, kuanzia sponji hadi kidole gumba. Kumbe ni daktari! Tena wa akili! Daktari Nthenya. Vidonge na unga akanitaka nivitupe palepale, na kesho saa nane niwe kliniki kwake.

Ule usingizi wa lori siuhesabu. Ulikuwa wa mchana.

Ijumaa, 7 Julai

Chumba kina viti viwili na kalamu. Sindano haipo. Nikaanza vibaya.

Akauliza tangu lini. Nikasema Aprili. Akauliza Aprili kulikuwa na nini. Nikasema hakuna, tulikuwa na magodoro mengi ya shule za bweni, na mama alizikwa.

Akaiweka kalamu chini. "Ulikuwepo?"

Sikuwepo. Mbuthia alimkatalia kila mtu ruhusa. Nikatuma blanketi jipya wamfunike nalo, nikarudi kwenye mashine. Basi mdomo wangu ukaenda wenyewe. Kikohozi cha mama. Alivyokuwa akinitandikia ngozi karibu na moto, yeye akilala upande wa mlango unaoingiza upepo. Barua tatu za kuniuliza nitakuja lini, na zote nilijibu Krismasi. Macho yalitoka maji. Vumbi la sponji hukaa mwilini siku nyingi.

Saa nzima imepotea! Mwishoni akasema, "Bwana Wamalwa, dawa yako ndiyo hii. Uje kila Alhamisi tuongee. Na uende nyumbani ukalione kaburi la mama."

Maneno! Maneno napewa bure na kinyozi. Nikashika kiti, nikasema siondoki bila sindano. Mwishowe muuguzi akanichoma ya vitamini. Daktari akanieleza mara mbili kwamba ni vitamini tu, kwa sababu ya kufunga. Nikamkonyeza. Siri za kazi nazifahamu.

Barua ninayo. Muhuri wa zambarau, duara kamili.

Jumamosi, 8 Julai

Nimelala saa kumi na moja mfululizo! Phares anasema nilikoroma hadi jirani akagonga ukuta. Sindano! Nilisema nini tangu mwanzo?

Jumatatu, 10 Julai

Barua ilifika mezani kabla ya kengele. Imesema naweza kazi nikiendelea na matibabu, niruhusiwe Alhamisi mchana, na nipewe siku tano za kwenda nyumbani. Mbuthia akaisoma polepole, akatazama dirishani. Akaniuliza mbona sikumwambia Aprili kwamba ni mama mzazi. Nilimwambia. Nilimwambia mara mbili. Sikubishana, nimerudishiwa mashine.

Phares anapakia lori. Nimemtakia usingizi mwema.

Alhamisi, 20 Julai

Kwa daktari sijarudi. Ruhusa ya Alhamisi naitumia vizuri: naulizia sindano. Nasikia kuna mahali upande wa Mathare wanachoma mbili kwa mpigo.

Leo Mbuthia kaniita faraghani. Shemeji yake halali tangu duka lake liungue, na mimi nimepona, nimwelekeze. Nikamwambia matibabu ni mengi, achague kwa makini, atake sindano. "Na daktari akianza kumuuliza habari za duka," nikamwambia, "ashike njia." Mbuthia akaandika kwenye karatasi.

Zile siku tano za likizo zinaanza kesho. Nitazunguka zahanati zote za Eastlands. Bungoma ingoje, kaburi halihami.

Ni siku ya nne sasa usingizi umenitoroka. Ni wazi sindano imeisha mwilini. Asubuhi nimekata vipande vinne kombo, na Phares ameviokota vyote kwa heshima kubwa, akavipanga mlangoni kwa Mbuthia.

Safari hii nachomwa pande zote mbili.