Jiwe Lililoanguka kwa Kemuma

Jioni ile kimondo kilipopita juu ya Masimba, kikiwaka kuliko tanuri la mkate, wengine walipiga magoti na wengine wakatoa simu. Ochanda alikenua meno. Mali ya mbinguni imepita hivi hivi, na muuzaji hajajitokeza!

Kesho yake alikuwa Tabaka, akimpa mchonga mawe simu yake, simu nzuri tu, kwa bonge la jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago. Akalichoma kwa tairi kuukuu mpaka likawa jeusi kama tako la sufuria. Alfajiri iliyofuata alichimba shimo katika shamba la chai kando ya barabara, akaunguza mashina mawili matatu kwa heshima ya sayansi, akalilaza jiwe humo. Kisha akamwendea Vasant, mwenye duka la vyuma mjini Kisii, mtu anayependa kuwa na kitu ambacho jirani yake hana.

Walipofika shambani, umati ulikuwa umeshalizunguka shimo.

"Bwana Vasant, hili limesafiri kuliko mimi na wewe," Ochanda alisema.

"Uliliona likianguka?"

"Kwa macho haya! Lilinipita kichwani vuu, likatua hapa. Hapa hapa! Naapa mbele ya watu wote."

Mama mmoja akatokea kati ya chai, kikapu mgongoni. Alikuwa Kemuma.

"Umesema hapa, mwanangu?"

"Hapa hapa, mama."

"Basi hapa ni kwangu."

Mzee Ratemo, ambaye huamua kesi za mipaka pale kijijini, akakohoa. "Parachichi la jirani likidondoka upande wako wa ua, ni la nani?"

"La mwenye ardhi!" umati ukajibu.

"Na hili mti wake uko mbinguni. Nani atakuja kulidai?"

Ochanda akarudi nyuma hatua moja. Vasant akakunja uso. "Au si jiwe la kweli?"

Swali hilo liliwafanya wachuma chai kadhaa wakaze mikono kwenye fimbo zao. Huko kwetu tapeli hasubiri mahakama.

"La kweli!" Ochanda akapiga kelele. "La kweli kabisa!"

"Sema tena, mwanangu," Kemuma akamwambia kwa upole. "Mteja asikie vizuri."

Akasema tena. Akaeleza nyota, moto, na safari ya miaka mingi gizani; hajawahi kuuza kitu kwa ufundi kama alivyouza kile ambacho si chake. Vasant akatoa noti, akazitia mkononi mwa Kemuma, akaondoka amelikumbatia jiwe kama mtoto mchanga.

Watu walipotawanyika, Kemuma akamvuta Ochanda shati.

"Mimi huchuma chai mapema. Nilikuona ukichimba."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angelinunua?" Akamkabidhi jembe. "Haya, fukia shimo langu kabla hujaenda."