Kabichi za Kufa na Kupona

Jumatatu, 11 Novemba 1974
Mbinga mjini. Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, umekwisha tena dukani. Redio inahimiza kilimo cha kufa na kupona, nasi wa mtaa huu tuna kikundi chetu cha bustani kule bondeni. Jumamosi tunachagua mwenyekiti. Nani zaidi yangu? Mimi ni karani. Najua kuhutubia. Lakini wanamtaja Walburga, jirani yangu wa matuta, eti kabichi zake zimestawi. Zangu zimetobolewa na viwavi, unaona hadi upande wa pili. Aibu!

Jumanne, 12 Novemba
Nimekwea hadi Maguu kwa shemeji Benno, mkulima wa kahawa. Nikaomba dawa ya kunyunyizia. Akauliza ni ya nini. Nikasema miti. Akasisitiza nisiisogeze karibu na chakula. Benno huongea sana.

Jumatano, 13 Novemba
Nimenyunyizia alfajiri, kabla Walburga hajafika. Viwavi chali! Macho yananiwasha, kifua kinabana. Si kitu.

Alhamisi, 14 Novemba
Kabichi zinang'aa! Nimeona kura zinatafutwa jikoni. Nimempelekea kila mwanakikundi kabichi yake, isipokuwa Walburga. Mzee Ignatio, anayeishi peke yake na siku hizi analala na uji tu, alinishika kwa mikono yote miwili kabla sijamaliza shikamoo. "Kura yangu unayo, mwanangu." Mwanahamisi, mke wa mwenye duka, naye ameahidi. Mke wangu Perpetua amekataa kupika ya kwetu. Anasema inanuka shamba la kahawa. Kumbe upinzani umeingia hadi ndani ya nyumba!

Ijumaa, 15 Novemba
Mtaa mzima unatapika. Mwanahamisi amepelekwa hospitali kwa machela, jasho linamchuruzika, povu mdomoni. Tabibu anauliza walikula nini. Nikapendekeza maji ya kijito. Perpetua akanivutia kando. "Baba Urbani, nenda ukawaambie. Atatibuje asichokijua?" Nikamkumbusha kuwa uchaguzi ni kesho.

Jumamosi, 16 Novemba
Mzee Ignatio amefariki. Walburga ndiye aliyemkuta, sakafuni, sufuria bado iko mafigani. Majirani wanasema ni uzee. Nikasema kweli, ni uzee. Uchaguzi umeahirishwa! Nilipofika nyumbani Perpetua alikuwa amefunga nguo zake. Amekwenda kwa kaka yake Maguu. Hakuniaga. Nimeketi tu jikoni. Sikuwasha moto.

Jumapili, 17 Novemba
Tumemzika baada ya misa. Walburga alilia kama aliyefiwa na baba. Mimi nilihutubia kaburini, kirefu, na wengi walikuwa dhaifu mno kuondoka. Walisikiliza vizuri. Mwanahamisi ana nafuu, ila mikono inamtetemeka, kikombe hakishiki. Habari njema ni kwamba hakuna anayegusa kabichi ya mtu yeyote, hata ya Walburga. Sasa tuko sawa! Tena kipande cha marehemu kimebaki wazi, pale penye maji. Nimeshachomeka vigingi. Nitapanda nyanya. Nyanya watu wanaiamini: unachuma, unaifuta kwa kanga, unakula palepale. Ina wadudu wabishi kuliko viwavi, nasikia. Nitaongeza kipimo.