Sauti Isiyosubiri Jibu na Ufunguo wa Chumba cha Kujifungulia

(Hotuba ya Bwana Kajetani, Mratibu wa Mradi wa Sauti kwa Wakati, kwa wananchi waliokusanyika mbele ya zahanati, Mshangano, Songea, Julai 2002. Imeandikwa neno kwa neno na Ignas, karani wa mradi. Mratibu ameagiza makofi yaandikwe yote.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, wewe uliyekuja kumwakilisha mtu ambaye naye angekuja kumwakilisha mwingine, waheshimiwa madiwani mliopo na mlioomba udhuru, Baba Paroko na Sheikh wetu, mliokaa benchi moja kwa upungufu wa mabenchi, ndugu wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wa Kamati Ndogo ya Kamati ya Maandalizi, na wa Kikosi Kazi cha kuangalia kama kamati hizo mbili zinaingiliana, wanakwaya, wachezaji wa lizombe, ambao naomba mzipumzishe kidogo hizo ngoma, wakulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, mliopanda lori mkidhani huu ni mkutano wa bei, wafanyabiashara wa Mfaranyaki, akina mama mliokaa barazani kwa sababu ambazo nitazigusia, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyesahaulika, ajihesabu ametajwa.

(Makofi.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyopimika, ingawa tumejitahidi kuipima, na fizibiliti stadi imeonyesha kuwa imefikia asilimia tisini na moja. Tanzania tunayoijenga sasa, ya soko huria, ya simu za mkononi na ya ushindani, haiwezi kuendelea kutangaziwa bei ya mahindi na mtu mmoja mwenye baiskeli na tarumbeta. Kwa kulitambua hilo, Mradi wa Sauti kwa Wakati unaweka kompyuta katika chumba hiki kilicho nyuma yangu, inachomekwa kipaza sauti kwa waya wa USB, na sauti ya mtangazaji inasafiri papo hapo mpaka kwenye spika za Msamala na Mfaranyaki, ili stekiholda wote wapate impakti kwa pamoja na kwa usawa.

(Bi Walburga, mkunga wa zahanati: "Chumba hicho ni cha kujifungulia, mwanangu Kajetani. Miezi kumi na minne umekifunga. Naomba ufunguo.")

Shikamoo, mama Walburga.

("Marahaba. Ufunguo.")

Nitafika hapo, mama. Kipengele hicho kiko ukurasa wa saba.

("Suzana yuko barazani kwenye mkeka, uchungu umemshika tangu alfajiri. Hafiki ukurasa wa saba.")

(Kicheko. Mratibu aliagiza kisiandikwe.)

Ndugu wananchi, naomba utulivu, kwa sababu sasa naingia katika utaalamu. Ndani ya kompyuta kuna programu iitwayo draiva. Kazi yake ni ya ukalimani: kila kifaa kina lugha yake, kompyuta ina lugha yake, na draiva anasimama katikati. Ukichapisha barua, draiva hutuma maneno kwenye printa, printa ikajibu kwamba imepokea, na isipojibu draiva hutuma tena. Huo ni mtindo wa kusumbuana. Lakini sauti, ndugu zangu, sauti si barua! Sauti ina muda wake. Ukilileta neno la wimbo wakati wimbo umeshakwisha, hujaleta neno, umeleta kelele. Ndiyo maana wataalamu wa dunia wakabuni uhamishaji unaoitwa aisokronasi, neno ambalo nimelifanyia mazoezi wiki nzima.

(Makofi ya wajumbe wa kamati.)

Katika aisokronasi, sekunde moja hukatwa vipande elfu moja, na katika kila kipande kifurushi kimoja cha sauti huondoka. Kwa siku moja hivyo ni vifurushi milioni themanini na sita na laki nne, na hapo mradi wetu hata haujaanza kutoa jasho. Kifurushi kikipotea njiani, hakitafutwi. Kikichelewa, hakisubiriwi. Na aliyetuma hamuulizi aliyepokea kama amepokea! Naomba mlitafakari jambo hili, maana nilipolisikia kwenye semina ya Morogoro nilitokwa machozi: kwa mara ya kwanza sayansi imekubaliana na utaratibu wetu wa kazi. Wajibu wetu ni kutuma kwa wakati. Kufika ni suala la idara nyingine.

(Mzee Tadei, mkulima kutoka Namtumbo: "Kama mbolea.")

Kama mbolea, asante mzee wangu.

(Kicheko kirefu.)

Sasa akina mama mtanielewa zaidi. Bombani mnajua maji hayasubiri. Ukiwa na ndoo moja, ikijaa, wakati unaiondoa na kuitafuta nyingine, maji yanamwagika. Draiva mwerevu hufanya kama Bi Lukresia pale mbele: ndoo moja iko chini ya bomba inajaa, ya pili imekaa tayari, ya tatu ameishika mkononi. Ndoo hizo kitaalamu zinaitwa bafa. Iliyojaa inatoka, tupu inaingia saa hiyo hiyo, na sauti haikatiki. Draiva asiyepanga ndoo zake mapema, sauti yake itakatikakatika kama redio yenye betri zilizochoka.

(Bi Lukresia, kwa jirani yake: "Hili amesema kweli.")

Na sheria kuu ya aisokronasi ni kutenga nafasi. Kabla sauti haijaanza kupita, hutengewa sehemu yake kwenye waya, na sehemu hiyo haiguswi na kifaa kingine, hata kama hakuna sauti yoyote inayopita. Narudia: hata kama hakuna! Kwa hiyo tulipofika hapa miezi kumi na minne iliyopita, jambo la kwanza tulilofanya, kwa kufuata viwango vya kimataifa, ni kutenga nafasi. Tukafunga chumba.

(Bi Walburga: "Nafasi mmetenga. Sauti iko wapi?" Akina mama: "Iko wapi?")

Swali zuri, na sitalijibu kwa maneno. Tazameni kipaza sauti hiki. Tazameni waya wake, unavyopita chini ya mlango na kuingia chumbani kwenye mitambo. Sasa natuma. Halo, Msamala! Halo, Msamala! Hapa ni Mshangano, maendeleo yanaongea!

(Kimya.)

Mmeona. Imeondoka kwa wakati.

(Osmund, fundi baiskeli, amefika akisukuma baiskeli yake: "Mimi natoka Msamala sasa hivi. Sijasikia kitu.")

Bwana Osmund, ulipita pale saa ngapi?

("Sasa hivi, nimesema. Nimepumzika pale pale kwenye nguzo mliyosema ya spika.")

Basi ulichelewa. Kifurushi kilichopita hakirudiwi.

("Na spika yenyewe? Mbona nguzo ni tupu?")

Spika nayo ni kifurushi.

(Kicheko. Mwakilishi wa Mgeni Rasmi alicheka pia, kisha akaacha.)

Ndugu wananchi, tusikatishane tamaa. Mradi huu umeshatuma ripoti kumi na nne, moja kila mwezi, tarehe ishirini na tano, na hakuna iliyochelewa hata siku moja. Tumefanya wakshopu sita, semina elekezi nne, na ziara ya mafunzo ambayo mimi binafsi nilijitolea kuiongoza nikiwa peke yangu. Kuna mtu mmoja ofisini aliwahi kuniuliza, tena kwa sauti ndogo, kama ripoti hizo zimemfikia yeyote. Nikamwambia, kijana, umesoma lakini hujaelimika. Hilo si swali la kitaalamu.

(Kelele barazani. Suzana analia. Bi Walburga amesimama: "Kajetani! Mikono hii ndiyo iliyokupokea wewe siku unazaliwa, na mama yako hakuzalia barazani watu wakimtazama. Nipe ufunguo, baba.")

(Mratibu alikunywa maji.)

Mama, nakuheshimu sana. Lakini chumba kile kina mitambo nyeti. Mtoto mmoja akilia humo ndani anaweza kuvuruga mpangilio wote wa vifurushi. Namwomba dada yetu Suzana avumilie kidogo tu, mpaka baada ya kaulimbiu, ambazo ziko tatu, na shukrani, ambazo ni ukurasa mmoja. Sasa nikisema "Sauti", mnajibu "Kwa wakati". Sauti!

(Wajumbe watatu: "Kwa wakati!" Akina mama: "Ufunguo!")

Sauti!

("Ufunguo!")

Aisokronasi!

("Ufunguo!")

Nashukuru kwa mwitikio mkubwa. Mwisho kabisa, ndugu wananchi, shukrani. Ukurasa huu umeandaliwa na karani wangu Ignas, yule pale mezani, kijana msomi lakini mwoga, hawezi kusema neno mbele ya watu, ila mwandiko wake ni mzuri, nami nitausoma kama ulivyo kwa sababu majukumu hayakuniruhusu kuupitia.

Napenda kumshukuru fundi wa kuandika draiva, ambaye hajateuliwa. Naishukuru kompyuta, ambayo haijaagizwa. Nawashukuru wanakwaya kwa kipaza sauti chao, ambacho tumekiazima mpaka saa nane mchana. Naushukuru waya, ambao unaingia chini ya mlango, unakwenda hatua mbili na kuishia sakafuni, na mwisho wake haujachomekwa popote. Nakishukuru chumba, ambacho ndani yake kuna kitanda cha kujifungulia kilichoegemezwa ukutani, taa ya mkunga, na buibui. Na kwa namna ya pekee namshukuru karani Ignas, aliyekabidhiwa ufunguo na kukatazwa kuutoa, ambaye ameogopa kwa miezi kumi na minne, na ambaye ufunguo huo uko katika mfuko wa kushoto wa shati lake, akiomba yeyote aje auchukue.

Nani... nani ameandika hivi?

(Bi Walburga alikuja mezani kwa karani, akanyoosha mkono.)

Karani, kaa chini! Usitoe kitu! Wewe andika makofi!

(Makofi. Hayakuwa ya Mratibu.)

(Mlango ulifunguliwa. Waliokaa mbele waliona kitanda, taa na buibui. Kitanda kilishushwa na kufutwa. Suzana aliingizwa, akishikwa na Bi Lukresia na Bi Walburga. Mlango ulifungwa kwa ndani.)

Ndugu wananchi, msiondoke. Kinachotokea hapa kisitafsiriwe vibaya. Mradi haujafa, mradi umekabidhiwa kwa muda kwa mtumiaji wa mwisho, hatua ambayo ilikuwa kwenye mpango mkakati tangu awali, isipokuwa haikuandikwa. Wakulima wa Namtumbo, ketini, lori litawasubiri! Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, mbona unavaa koti? Naomba dakika chache tu nifafanue.

(Mratibu alifafanua kwa dakika thelathini na tano. Hakuna aliyeondoka. Wote walikuwa wameugeukia mlango, na wachezaji wa lizombe walikuwa wameziweka ngoma chini bila kuambiwa.)

...na ndiyo maana nasema, tatizo si kutokuwepo kwa kompyuta, tatizo ni mtazamo wetu juu ya kutokuwepo kwake, kwa sababu katika nchi zilizoendelea...

(Sauti ya mtoto mchanga, kutoka chumbani.)

Mmesikia? Mmesikia! Sauti! Imetoka ndani ya chumba cha mradi, moja kwa moja, bila kukatika! Karani, andika haraka, iingie kwenye ripoti ya kumi na tano: sauti ya kwanza ya mradi imetumwa saa... saa ngapi hiyo?

(Saa sita kasoro dakika nne. Karani alikwenda mlangoni, akabisha, akauliza kama amefika. Bi Walburga alijibu kutoka dirishani: "Amefika. Ni wa kike, mzima, na mama yake mzima." Imepokelewa. Imethibitishwa. Ignas, karani.)