Mikunjo Minne ya Kigari Changu

Jumapili, 2 Agosti

Baba ametoa uamuzi baada ya chakula cha mchana. Injini ya pikipiki yake ya zamani, iliyolala stoo tangu nikiwa darasa la tatu, itakwenda kwangu au kwa binamu yangu. Atakayesimamisha fremu ya kigari juu ya magurudumu manne kabla ya saa sita mchana Jumamosi, ataichukua. Tukishindwa wote, anaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Binamu ni mtoto wa shangazi. Wanaishi na sisi, vyumba vya uani. Mtaa mzima unamwita Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza feni. Feni moja! Na mpaka leo inapuliza upande wa ukutani.

Mimi nina mchoro uliopigwa rula, mabomba manne ya chuma, na nidhamu. Kila bomba linahitaji mkunjo mmoja. Ninachokosa ni mashine ya kukunjia tu. Injini ni yangu. Nimeshaifuta vumbi.

Jumatatu, 3 Agosti

Nimekagua mashine tatu na kuchora jedwali.

Ya kwanza ni ya mkono, ina mpini mrefu. Haiwezi bomba nene. Nimeifuta.

Ya pili ni ya Fundi wa kuchomelea, pale kona. Inalishika bomba kwenye gurudumu lenye mfereji na kulizungusha taratibu. Mkunjo unatoka laini kama shingo ya bata. Ila Fundi haazimishi. Alisema nimpelekee mabomba atanikunjia mwenyewe, bure kabisa, kwa kuwa mimi ndiye mtoto pekee mtaani anayemwamkia bila kutumwa. Nilikataa. Kikunjwe na mtu mwingine halafu niseme ni changu?

Ya tatu ni ya fundi bomba. Ina jeki. Unalaza bomba kwenye kalibu, yaani chuma chenye mfereji, kisha jeki inalisukuma katikati mpaka linainama. Kalibu imeandikwa inchi moja. Mabomba yangu nimeyapima mara tatu kwa rula ya chuma: inchi moja. Jedwali limeipa alama tisini na mbili.

Fundi bomba alitaka baiskeli yangu kwa kubadilishana. Nikatoa. Aliipanda kabla sijamaliza kuaga. Watu wengine hawajui kuficha furaha.

Jumanne, 4 Agosti

Nimetembea kwenda shule. Nimechelewa. Nimefagia darasa peke yangu.

Jioni nilikunja bomba la kwanza. Limebonyea katikati kama kopo lililokanyagwa. Injinia alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu inaning'inia, kazi hana. Akauliza kama natengeneza kigari au kijiko. Nimelelewa vizuri. Nilimwita mjinga kimoyomoyo, mara mbili.

Jumatano, 5 Agosti

Nimechelewa tena. Nimefagia tena.

Nilimpelekea Fundi lile bomba alitazame. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akanieleza kwamba mabomba ya maji hupimwa kwa upana wa tundu lake, na mabomba ya fremu hupimwa kwa nje. Kwa hiyo inchi moja ya fundi bomba ni nene kuliko inchi moja yangu. Bomba langu linacheza ndani ya kalibu ile kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Hakuna kinachozishika mbavu zake, lazima libonyee. Akaniambia, mwanangu, jamani, leta hapa tuyamalize.

Nilimshukuru. Lakini inchi ni inchi. Mwalimu wa hisabati hajawahi kutuambia ziko mbili. Nadhani jeki yangu imemuuma.

Kosa langu lilikuwa haraka. Bomba la pili nimelisukuma polepole sana.

Limebonyea polepole sana.

Alhamisi, 6 Agosti

Matumaini! Nilimuuliza mwalimu wa fizikia. Akasema bomba lijazwe mchanga ili lisibonyee, lizibwe ncha zote mbili kwa mti, lipashwe moto, ndipo likunjwe. Akasisitiza mchanga lazima uwe safi na... Kengele ikalia. Wenzangu wakamfunika na madaftari yao.

Safi. Hilo tu! Nimeuosha mchanga kwa sabuni na kuusuuza mara tatu. Maji ya mwisho yalitoka meupe ungeweza kuyanywa. Nimeujaza kwenye bomba la tatu papo hapo, usije ukachafuka tena, na kupigilia vizibo kwa nyundo. Sidhani kama nchi hii imewahi kuona mchanga safi kiasi kile.

Ijumaa, 7 Agosti

Mwalimu amemalizia sentensi yake asubuhi. Safi na mkavu.

Nilijiambia usiku mmoja umetosha kuukausha. Jioni nikaliweka bomba juu ya mkaa. Likaanza kupiga mluzi. Injinia akatoka chumbani kuja kusikiliza. Mara, PUH! Kizibo kikaruka, kikapita juu ya kichwa chake, kikatoboa tangi la maji. Shangazi alikuwa bafuni, sabuni usoni, na bomba la bafuni likakauka. Aliyoyasema sitayaandika, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili huomba kuona shajara zetu.

Baba aliuliza kama nataka kigari au nataka vita. Mama ameamua nitachota maji kwa ndoo hadi tangi lizibwe. Bomba la tatu limepasuka ubavu.

Injinia hajagusa chuma wiki nzima. Ananiuliza tu ni saa ngapi.

Jumamosi, 8 Agosti

Nitaandika kwa kifupi.

Asubuhi, bomba la nne. Mchanga mkavu, nimeukaanga kwenye sufuria kuukuu. Vizibo vimetobolewa. Moto mzuri. Bomba likaanza kuinama vizuri mno, nikamwita Mama aje aone. Mama alipofika likateleza ndani ya kalibu na kugeuka upande, kama shingo ya mtu aliyelala vibaya. Mama akasema pole, akarudi jikoni.

Saa sita kasoro robo, Injinia alitoka chumbani akisukuma kitanda. Kitanda chake! Cha chuma, ametoa godoro na kufunga magurudumu manne ya toroli kwa waya. Hakuna hata mkunjo mmoja. Nilipinga. Nilieleza kwamba kile ni kitanda. Shangazi alisema hata mashua huanza ikiwa mbao. Baba akahesabu magurudumu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akaangalia saa, akaenda stoo.

Alipopita na injini mikononi hakunitazama. Nilipokuwa mdogo alinipeleka shule kwa pikipiki ile, nimekaa mbele yake, nimeshika tangi la mafuta, naongea njia nzima. Nilitaka kuisikia ikiwaka tena, na niiwashe mimi. Ndiyo sababu. Sikumwambia mtu.

Jumapili, 9 Agosti

Injinia amelala sakafuni, mgongo unamuuma. Vizuri.

Lakini kuna jambo. Shangazi amekula kiapo kwamba mwanawe haendeshi kitanda chochote bila chuma cha kinga juu ya kichwa. Chuma hicho lazima kipinde kama upinde wa mlango. Injinia amekuja kwangu mwenyewe, kwa miguu yake, na bomba moja refu, zuri, la pekee alilolipata. Akaniita dada. Nikimkunjia sawasawa, nusu ya injini ni yangu, na siku ya kwanza nawasha mimi. Nikiliharibu, nisiiguse tena maisha yangu yote. Tumeshikana mikono mbele ya Baba, na Baba alitabasamu kidogo, nilimwona.

Fundi alikuwa amekuja kuziba tangi. Alisikia kila kitu. Akasema bomba lile apewe yeye, ni kazi ya dakika kumi, sifa zote ziwe zangu, hatamwambia mtu. Karibu anisihi.

Nilimwamkia vizuri, nikamjibu kwa adabu asijisumbue. Mashine tunayo.