Kitambaa cha Jasho Siku ya Kumwomba Umutoni

Jumatano, 7 Agosti
Familia imenichagua mimi! Jumamosi tunakwenda Nkanka kumwombea Héritier mke, binti Umutoni. Nitasema mahali pa marehemu kaka yangu, babake kijana. Kazi nzito. Mjane wake, shemeji Josiane, alimtaka mwalimu Balagizi, eti husema kwa ufupi. Ufupi! Mimi niliwahi kuhutubia mtumbwi mzima toka Nkombo, hata sambaza, wale dagaa wa ziwa, wakatulia wavuni.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimegundua siri. Watu hawacheki mpaka mmoja aanze. Nimempata Harerimana, dereva wa moto, pikipiki ya abiria, huko Gashonga, na wenzake watatu. Nikijipangusa uso kwa kitambaa, wacheke na kupiga makofi. Akauliza, na kama hakuna cha kuchekesha? Nikamwambia hiyo si kazi yake, atazame kitambaa tu.

Jumamosi, 10 Agosti
Joto! Hema la plastiki, na koti zito la marehemu, nimelivaa kwa heshima. Nilianza vizuri. Nikafika pale kaka alipozama ziwani. Jasho likaniingia machoni. Nikajipangusa.

Wanne wakaangua kicheko. Makofi! Nikashtuka, nikajipangusa tena. Harerimana akapiga mluzi.

Mzee Manzi, msemaji wa kwao, akasimama. Akasema hawatoi mtoto kwa watu wanaocheka maiti yao. Nikajua ni ule mchezo wa siku zote, upande wa binti lazima wakatae kwanza. Nikajibu, basi watupe nyanya yake. Hakucheka hata muntu mmoja. Héritier akainamisha kichwa. Ndani ya nyumba, binti alisikika akilia.

Ndipo Josiane akasimama. Mama wa kijana hasemi siku hiyo, si desturi. Akasema lile koti mumewe alilishonesha kwa ajili ya siku hii, na jasho lililomo lingekuwa lake. Akakaa.

Mzee Manzi akavua kofia. Umutoni akatolewa.

Jumatatu, 12 Agosti
Mpango wangu umefaulu. Hema zima lilitokwa na machozi!

Josiane amekuja kuchukua koti. Amesema, "Shemeji, harusini atasema Balagizi. Wewe pumzika." Ananihurumia, maskini. Nitasimama hivyo hivyo.

Kosa lilikuwa kitambaa. Harusini ishara itakuwa kukohoa. Harerimana amekubali. Tangu jana kifua kinanibana, lakini hicho ni kidogo.