Fundi Asiyejua Haibiwi

Jumatatu, 3 Juni
Mashine imefika! Ya kukereza vyuma, inaongozwa na kompyuta, imetumika kidogo tu huko Asia. Hapa Kitwe, mji wa migodi, katika mtaa wetu wa viwanda wenye nayo ni wawili: mimi na Siwale wa karakana ya jirani. Yeye alinitangulia, lakini yangu ni kubwa. Nilimwona akichungulia juu ya ukuta. Nikajifanya simwoni.

Mgodi unataka vipande mia mbili vya pampu kabla mwezi haujaisha. Rahisi! Muuzaji alisema mashine inafanya yenyewe.

Ba Chishala, mzee tunayemwita Ba kwa heshima, mkerezaji wangu wa miaka mingi, aliizunguka mara tatu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akaomba wiki tatu akasome chuoni. Nilipie mimi! Mwaka juzi Siwale alimsomesha kijana wake, akahamia mgodini wino wa cheti haujakauka. Mimi si mjinga. Fundi asiyejua haibiwi.

Jumanne, 4 Juni
Tumeiwasha. Inaongea Kichina. Kitabu chake nacho Kichina. Nikabonyeza kitufe cha kijani kwa ujasiri mkubwa. Ikapiga mluzi, ikajifunga mlango, ikanyamaza. Wafanyakazi wakapiga makofi. Sikuyapenda yale makofi.

Ba Chishala akanivuta pembeni. "Bosi mdogo," akasema, "hata wewe sikukupa chuma siku ya kwanza."

Nina miaka hamsini na mmoja, bado ananiita bosi mdogo! Ameniita hivyo tangu nina kumi na saba, marehemu baba aliponikabidhi kwake. Alisimama nyuma yangu, akanishika mikono yote miwili mpaka ikaacha kutetemeka. Mwaka mzima. Sioni hilo linahusiana vipi na wiki tatu za chuo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepata akili! Nisomeshe kwa nini, wakati Siwale keshasomesha wengine? Mchana nikaenda pale kwa mama ntilie wanapokula watu wake. Nikaketi karibu na mmoja mwenye ovaroli ya bluu, jina la Siwale mgongoni. Anaitwa Kapotwe. Nikamuuliza kama anaijua mashine ya kompyuta. Akasema anaijua nje ndani, na ukiigusa vibaya inalia kama mtoto mchanga. Huyo ndiye! Nikamwahidi mshahara mara mbili na buti mpya. Alikubali hata kabla hajamaliza dagaa wake wa kapenta.

Siwale atalia.

Jumatatu, 10 Juni
Kapotwe ameripoti. Swali lake la kwanza: ufagio uko wapi?

Ni msafishaji. Miaka minne anaifuta mashine ya Siwale. Nilipofoka, akanijibu kwa upole, "Bosi, hukuniuliza kazi yangu. Uliniuliza kama naijua mashine. Naijua. Kila pembe." Nimeshatia sahihi mkataba wa miezi sita.

Kutwa nzima nasikia kicheko ng'ambo ya ukuta.

Jumatano, 12 Juni
Mbinu mpya. Nilipigia simu kampuni moja ya Ndola, nikajidai nataka mashine ya pili, waje wanionyeshe kwa hii niliyo nayo. Wakaleta mtaalamu mwenye tai. Somo la bure! Ba Chishala nikampa birika la chai asimame nyuma yake aibe ujuzi. Alimwaga chai kidogo, akaandika mengi katika daftari la shule, miwani aliyoazima kwa binti yake ikimteleza puani.

Baada ya dakika arobaini mtaalamu akauliza natia sahihi lini. Nikasema bado natafakari. Akafunga begi. Mlangoni akageuka, akasema mafunzo ni wiki tatu, kabla ya hapo asiiguse mtu.

Ba Chishala akaniomba tena chuo. Nikamwambia si umeshasoma leo?

Halafu huu mlango unaojifunga kila mara unapoteza muda. Nimemwita fundi umeme, amekata waya unaoufunga. Sasa unafunguka wakati wowote. Dakika mbili zimeokolewa kila kipande!

Jumatatu, 17 Juni
Imekubali! Ba Chishala, kwa daftari lake na subira yake, ametoa vipande kumi na vinne, laini kama yai. Nilimkumbatia. Kisha nikapanda ngazi karibu na ukuta, nikatangaza kwa sauti kwamba wengine tunafaulu bila vyeti.

Jumatano, 19 Juni
Sijui nianzie wapi.

Nyuzi za chuma, mabaki ya kukereza, zilijizungusha ndani. Mashine ikasimama. Ba Chishala akadhani imemaliza, akafungua mlango, akaingiza mkono azitoe. Haikuwa imemaliza. Ilikuwa inabadili kisu.

Vidole viwili vya mkono wa kulia. Cha tatu madaktari hawana hakika.

Aliyekimbia kubonyeza kitufe chekundu ni Kapotwe. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Sikujua ni kipi.

Ba Chishala hakupiga kelele. Alisema tu, "Miwani ya mtoto isikanyagwe."

Ijumaa, 21 Juni
Hospitali. Nilipeleka machungwa. Mkewe, Bana Mumba, hakuitikia salamu yangu. Alikuwa akimlisha nshima, ugali wetu, tonge kwa tonge, kwa sababu mkono wa kushoto bado haujajua njia ya mdomoni. Nikasimama na machungwa yangu.

Nikasema karakana italipa matibabu yote. Ba Chishala akasema, "Bosi mdogo, haikuwa mashine."

Nilishusha pumzi! Kila niliyekutana naye nilimweleza: mwenyewe amekiri haikuwa mashine. Mke wangu akauliza, sasa ilikuwa nini? Kisha akaondoa sahani yangu sijamaliza kula.

Alhamisi, 27 Juni
Mgodi umempa Siwale kazi yangu. Si hiyo tu. Ba Chishala alikuja kuaga, mkono umefungwa kama mtoto wa kubebwa. Siwale anampeleka chuoni, kisha mzee atawafundisha vijana wa karakana ile. Kufundisha kunataka macho na mdomo, amesema.

Nikamuuliza, kwa wema tu, kama Siwale amefikiria hasara ya kumsomesha mtu ambaye kesho ataondoka.

"Kwako sikusoma," akasema, "na leo naondoka."

Akanipa mkono wa kushoto. Ulikuwa mzito, wa baridi. Nikasimama getini nikimtazama mpaka akaingia geti la jirani. Ni hatua arobaini. Alizitembea polepole, hakugeuka. Nikafunga vifungo vyote vya koti. Baridi ya Juni hiyo.

Ijumaa, 28 Juni
Nimekaa, nimetafakari, nimepata funzo. Kosa langu ni kumpa mashine ya kisasa mtu wa zamani. Asubuhi nimeandika tangazo la getini kwa herufi kubwa:

ANATAFUTWA FUNDI WA MASHINE YA KOMPYUTA. UZOEFU MIAKA KUMI. AANZE LEO. MAFUNZO HAYATOLEWI.

Kapotwe alilisoma taratibu, akauliza kama ningeweza kumtafutia mtu amweleze walau maana ya vile vitufe vingine. Nikamwambia ashike ngazi vizuri, tangazo lisije likapinda.