Mama Mkwe, Njoo Umfundishe Binti Yako Kutumia Pesa

Kwako Mama Mkwe mheshimiwa sana,

Shikamoo. Na baada ya hiyo pokea shikamoo nyingine ya akiba, maana hapa kwetu siku hizi hakuna kisichowekwa akiba.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BINTI YAKO, AMBAYE PIA NI MKE WANGU

Mama, mimi si mtu wa kushtaki. Kazi ya kufundisha watu udereva imenipa subira. Mwanafunzi akigonga ukuta namwambia arudi nyuma taratibu, tujaribu tena. Lakini hili limenifika shingoni, na sina pa kukata rufaa ila kwako uliyemzaa.

Unakumbuka tulivyochukua mkopo wa benki tukanunua nyumba. Siku ile mimi nilitoka benki nikiwa mwenye nyumba. Binti yako alitoka akiwa mdaiwa. Nilitaka tupite mahali tule, tufurahi kidogo. Yeye pale pale mlangoni alivua viatu vyake vizuri, akavitia kwenye mfuko, akavaa ndala. "Baba watoto," akasema, "mpaka deni liishe, hata soli hatuipi lami bure." Nilicheka nikidhani ni mzaha. Tangu hapo mimi na watoto tunamwita Gavana, na haya ndiyo mambo ya utawala wake:

1. Taa. Nyumba nzima ina taa moja, ya ukumbini, na milango yote inaachwa wazi ili kila chumba kipate sehemu yake. Mimi ndevu nanyolea hapo ukumbini, watu wakinipita kwenda na kurudi. Wanafunzi wangu wameshaniuliza kwa heshima kama nyumbani tunafuga paka mkali.

2. Chai. Majani yanachemshwa mara ya kwanza kwa ajili yangu, mara ya pili kwa watoto, mara ya tatu kwa wageni. Utaratibu huu niliukubali kama baba. Ila wiki iliyopita nilionja kikombe changu nikagundua kwamba nimekuwa mgeni, na hakuna aliyenitaarifu.

3. Ndugu zangu. Mdogo wangu, yule fundi rangi, alikuja Jumamosi kutusalimia. Binti yako alimpokea kwa bashasha ambayo mimi sijaionja muda mrefu, akamkalisha, akampa maji. Kisha akampa brashi. "Shemeji, wewe hukuzoea kukaa bure, utaumwa mgongo." Maskini, alipaka rangi mpaka jua likazama, akaondoka akishukuru. Dada yangu mshonaji alikuja kuangalia rangi hiyo, akajikuta anashona mapazia. Mjomba wangu fundi bomba amesikia habari hizi. Siku hizi anatusalimia kwa simu tu, tena haraka haraka.

4. Sebule. Imekodishwa kila jioni kwa mwalimu wa hesabu anayefundisha watoto wa mtaa masomo ya ziada. Nikirudi kazini nimechoka, kochi langu limekaliwa na wanafunzi watano, basi nachukua kiti cha nyuma nipumzishe miguu. Juzi mwalimu akaniuliza swali. Mama, nilikosa. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa ameketi mbele, aliinamisha kichwa kama hanijui. Nilimlalamikia binti yako nikitegemea pole. Akafikiri, kisha akasema ama nisiingie darasani, ama nilipe ada kama wenzangu.

5. Chumba chetu cha kulala. Hapa ndipo naomba uvae miwani. Kimepangishwa. Wamo wasichana wawili wanaosomea uuguzi pale hospitali anapofanya kazi binti yako, wasichana wenye adabu kabisa, wananiamkia kila asubuhi nikitoka stoo. Ndiyo, Mama. Mkweo uliyempa mtoto mbele ya ukoo wote analala stoo, kichwa kwenye gunia la mkaa, miguu kwenye ndoo. Binti yako yumo humo humo, na ukigeuka lazima umtaarifu mwenzako. Binti yako anasema angalau sasa tunazungumza. Sikatai kwamba tunazungumza. Malalamiko yangu ni ndoo.

6. Mkoba. Hili nilitaka kuliacha, lakini ndilo linaloniuma. Unajua binti yako alivyokuwa akicheka zamani, mpaka majirani wanachungulia. Siku hizi hata kicheko anakibana. Nikaona nimtoe huzuni: nikafundisha madereva wawili wa ziada siku zangu za mapumziko, nikamnunulia mkoba wa ngozi. Aliupokea, akaunusa, akanikumbatia mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake akaurudisha dukani, pesa akaipeleka benki moja kwa moja. Aliporudi alinishika mkono, akanizungusha nje ya nyumba mpaka kwenye dirisha la upande wa jikoni. "Hili," akasema, "ndilo ulilonipa. Hili sasa si la benki, ni letu." Nikipita hapo huwa nasimama kidogo, sijui kwa nini. Lakini nakuuliza Mama, wewe uliye mwanamke mwenzake: ni mke gani anapewa mkoba anavaa dirisha?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, mambo yafuatayo. Kwanza, uje haraka, ukae mwezi mmoja. Pili, umwamuru binti yako, kwa mamlaka ya maziwa uliyomnyonyesha, anunue nyama bila kuuliza bei, akae kwenye kochi, na acheke kwa sauti angalau mara moja kwa siku. Tatu, ukishindwa, sitamrudisha kwako, maana nampenda. Nitahamia kwako mimi. Nitakuja na mswaki wangu.

Nisalimie Baba Mkwe na mguu wake unaomsumbua, shemeji zangu wote wakubwa kwa wadogo, shangazi aliyelia sana siku ya harusi yetu (sasa namwelewa), na yeyote pale nyumbani anayeniulizia.

Wako katika utii na baridi ya sakafu,
Mkweo.

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, binti yako amerudi kutoka benki. Deni limekwisha, Mama, miaka kadhaa kabla ya muda wake. Amekaa kwenye ngazi ya mlango akacheka kile kicheko chake cha zamani, majirani wakachungulia. "Haya, baba watoto," akasema, "sema unachotaka, leo tunanunua." Nilifungua mdomo niseme kitanda. Lakini mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kutoka kwetu anahamia kwa mwanawe, na nilijisikia nikisema, "Ile nyumba yake inauzwa." Binti yako ameacha kucheka. Anasema nimerukwa na akili, anataka kupumzika, anataka kula, anataka kusafiri. Amegeuka mfujaji mbele ya macho yangu! Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu, ila ile sehemu ya kuja haraka. Njoo umkumbushe malezi yako. Kwa mkopo mpya benki watataka mdhamini mwenye nyumba isiyo na deni, nami nimeshaandika jina lako. Usisahau kitambulisho.